Karatasi ya Moyo wa Mama Kiden

Mama Kiden wa Kuluba alikufa siku ya Ijumaa saa tatu asubuhi, katika kituo cha afya kilicho nje kidogo ya mji wa Koboko. Siku moja kabla, Alhamisi saa saba mchana, mimi nilikuwa nimeandika kwa simu yangu kwamba moyo wake hauna tatizo. Nalisema mapema ili mtu asidhani nimekaa hapa kusimulia makosa ya wengine. Ya wengine yapo, nitayafikia, na sitayapunguza.

Naitwa Sista Jovia. Nyumbani ni Pajulu, na kazi yangu ni uuguzi katika hospitali moja ya Arua, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wenzangu watakuambia kwamba ninajua kazi na kwamba nina mdomo. Yote mawili ni kweli. Nimewatoa machozi wanafunzi wengi, na wengine wao leo ni wauguzi wazuri, kwa hiyo kwa muda mrefu niliamini mdomo wangu ni sehemu ya kazi.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kusoma michoro ya moyo. Miaka mitatu iliyopita vituo vya afya vya huku kwetu viligawiwa mashine ndogo za ECG. Mashine ina waya kumi. Nne zina vibanio vya mikono na miguu, sita zina vikombe vya kunyonya vinavyobandikwa kifuani, kuanzia katikati hadi chini ya kwapa la kushoto. Mashine huchapa kipande baada ya kipande kwenye ukanda mwembamba wa karatasi. Muuguzi huukata kwa mkasi na kuubandika kwenye karatasi nyeupe: vya mikono na miguu juu, vya kifua chini. Kisha hupiga picha na kuituma kwenye kundi letu la WhatsApp, mimi nikiwa Arua nasoma. Daktari wa moyo hatuna. Daktari wa wodi hupitia akipata nafasi. Msomaji wa kwanza ni mimi, na mara nyingi wa mwisho pia.

Niliwafundisha wauguzi wote wa kundi hilo kwa mkono wangu, na katika wanaume hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi kama Acidri. Ni kijana wa Adumi, mpole, mwenye mwandiko wa msichana, na aliyepangwa Koboko akaoa hukohuko. Mke wake, Rejoice, ni mtoto wa Mama Kiden.

Mwezi wa tatu Acidri alituma karatasi ya mzee mmoja ikiwa na vipande vya juu tu. Ukanda ulikuwa umeisha kwenye mashine. Angeeleza, na nadhani alieleza, lakini mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira. Nikaandika mbele ya watu arobaini na watatu: "Acidri, kifua cha mgonjwa umekiacha nyumbani kwake? Mimi karatasi nusu sisomi. Rudi shule." Watu wakatuma vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Nami nikatuma changu. Tangu siku hiyo hakuna aliyetuma karatasi pungufu, nami nikatamba kwa daktari kwamba ukali unalipa.

Alhamisi ile nilikuwa chumba cha wauguzi nikila muhogo na samaki wa kukaanga. Simu ikalia. Koboko, Acidri. Mwanamke, miaka hamsini na minane, maumivu ya kifua tangu asubuhi, anatoka jasho, ametapika mara mbili. Hakuandika jina. Karatasi ilikuwa kamili, vipande vimebandikwa kwa usafi wake wa kawaida.

Niliishika simu kwa vidole viwili nisiipake mafuta. Nikatazama vipande vya kifua kwanza, maana kwa mtu wa umri ule mwenye dalili zile, huko ndiko ubaya hujitokeza wazi. Vilikuwa vizuri ajabu. Mistari imenyooka, milima imesimama. Nikateremka, nikapandisha, sikupima chochote. Nikaandika: "Kifua safi. Si moyo. Mpe dawa ya tumbo, mwangalieni." Nikarudi kwenye samaki wangu. Yote hayo hayakumaliza dakika moja.

Ijumaa mchana Kenneth, mkuu wa kile kituo, akanipigia. Mgonjwa wa jana amekufa. Alikuwa mama mkwe wa Acidri, akasema, na wana wake wamekuja juu, wanataka kujua nani alimgusa mama yao. Nikakaa. Mtu anaweza kufa moyo wake ukiwa umesomwa vizuri, hilo nalijua. Nikajiambia hivyo siku nzima, na usiku wake, na Jumamosi, na Jumapili kanisani.

Jumatatu karatasi yenyewe ilifika na gari la dawa. Wino wa mashine hizi hufutika kwa joto, hivyo karatasi zote za asili huletwa kwangu nizitolee nakala kabla hazijawa nyeupe. Niliiweka mezani, nikachukua rula, nikafanya kile ninachowafokea wengine wasipokifanya. Nilihesabu.

Vipande vya juu: kati ya pigo na pigo, vile visanduku vikubwa vilivyochorwa kwenye karatasi ni vitatu visivyotimia. Huo ni moyo unaokwenda mia na nne kwa dakika, moyo wa mtu mwenye maumivu na hofu. Vipande vya chini: visanduku vinne na kidogo. Sabini na mbili. Moyo wa mtu aliyelala chali akisubiri jambo lipite. Mashine ilikuwa imeandika muda pembeni, na kati ya vipande vya juu na vya chini kulikuwa na dakika tisa, lakini si muda ulionishtua. Ni umbo. Milima ya chini ilikuwa mirefu, ya mtu mwembamba na kijana. Haikuwa ya mama wa miaka hamsini na minane.

Walikuwa watu wawili. Nilikuwa nimetumiwa watu wawili kwenye karatasi ya mmoja, na yule nisiyemsoma ndiye aliyekuwa anakufa.

Sikuendelea kuitazama ile karatasi. Niliikunja nikaitia mkobani, na tangu dakika ile kichwa changu kilijaa Acidri tu. Nilipanga maneno ya kumwambia mpaka nikayaona matamu.

Kikao cha kifo kilipangwa Alhamisi, palepale kituoni. Nilifika saa moja kabla. Kwenye benchi la nje alikaa mwanamke mfupi, magoti pamoja, sare yake ya kufagilia imekunjwa vizuri mapajani. Nilimjua: Santa, msafishaji, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, ambaye siku kituo kikikosa watu huvalishwa glavu na kuambiwa shika hapa, vuta pale.

"Mbona sare umevua?" nikamuuliza.

"Watu nasema mimi naweka vikombe vibaya kwa mama," akajibu. "Iko kwa ripoti. Leo nafukuza mimi."

"Uliviweka wewe?"

Akanitazama. "Sista, mutu hapana uliza mimi. Wewe ndiyo ya kwanza." Kisha akageuza uso kuelekea lango.

Nilimkuta Acidri nyuma ya stoo, karibu na tangi la maji. Amekonda. Nilimfunulia karatasi, nikaweka kidole kwenye vipande vya chini. "Huyu ni nani?"

Hakujaribu kudanganya. Nadhani alikuwa amechoka kubeba. "Ni mimi," akasema.

Hapa lazima nieleze, ingawa mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawali pamoja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja hukaa kando mpaka mwenzake apite. Kifua kilichomnyonyesha mke wako hukioni. Si sheria ya mtu kuandikiwa. Unakua nayo, na ukiivunja watoto wako ndio wanaotazamwa kila wakipata homa.

"Muuguzi ya kike ni Sista Alice tu, na yeye iko kwa chanjo Kuluba, siku tatu," Acidri akasema. "Kazini ni mimi tu. Bodaboda naleta mama, yeye nashika kifua, jasho kama maji. Mimi nakaa nyuma ya pazia, naambia Santa: weka ya mikono, weka ya miguu. Mama nakubali. Tunachapa. Kufika kwa kifua, mama nashika nguo yake hapa." Akajishika shingoni. "Yeye nakataa."

"Wewe uko nyuma ya pazia. Santa angeviweka."

"Santa naambia yeye hivyo. Mama nasema: 'Hata kama jicho yake haiko hapa, kifua yangu natoka kwa hiyo karatasi, na karatasi mukwe yangu nasoma.' Nasema heri yeye kufa. Sista, nilipiga magoti nyuma ya pazia. Naomba yeye. Hapana kubali."

Nilikuwa na maneno yangu matamu, yamepangwa. Nikasema, "Basi ungetuma ulichopata! Ungetuma vile vya juu, uandike mgonjwa amekataa. Ulishindwa nini?"

Acidri akainua macho. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Natuma kwa nani, Sista?"

Akaendelea mwenyewe.

"Wewe hapana soma nusu. Wewe nasema mbele ya watu yote. Mimi nawaza, nikituma nusu, wewe nachelewa kwa kufokea mimi, mama nakufa. Basi nalala kwa kitanda ya chumba ya vidonda, Santa nabonyeza mashine, nachapa kifua yangu. Nawaza, ya juu ni ya mama kweli. Kama moyo iko mbaya, Sista Jovia naona kwa ya juu. Ya chini ni ya kufanya wewe ufungue macho tu."

Mashine ya kijani ya kusukuma maji ilikuwa ikinguruma upande wa pili wa ukuta. Nilitaka inyamaze nipate kufikiri, lakini haikunyamaza.

"Na Santa?" nikasema hatimaye. "Umemwandika kwenye ripoti."

Akaanza kulia, mtu mzima, kamasi na machozi. Wakijua aliweka kifua chake mahali pa kifua cha mama, akasema, hilo ni baya kuliko kumwona. Dumo, kaka mkubwa wa Rejoice, atamchukua dada yake na watoto wawili siku hiyohiyo. "Santa ni mutu ya kupita, Sista. Leo iko hapa, kesho kambini. Yeye napata kazi nyingine. Mimi napata wapi bibi yangu?" Kisha akasema jambo ambalo nadhani hakulipanga: "Na wewe pia, Sista. Watauliza nani alisoma."

Napenda kuandika kwamba nilimkatalia palepale. Sikumkatalia. Nilisimama kando ya lile tangi nikihesabu miaka kumi na tisa, na jina langu, na lile kundi la watu arobaini na watatu, na Santa akawa mdogo sana katika hesabu hiyo. Nilikunja karatasi nikairudisha mkobani. Nikaingia kikaoni bila kumwambia ndiyo wala hapana.

Tulikuwa sita kwenye chumba cha chanjo. Kenneth mbele na faili lake. Acidri dirishani. Santa mlangoni, kwenye kigoda, kana kwamba keshafukuzwa. Kwa upande wa familia walikuja Dumo, mkulima mkubwa wa mihogo mwenye mikono kama majembe, na Rejoice, kitambaa cha msiba kichwani, amenyooka. Yeye anauza vitenge sokoni Koboko, na ana macho ya mtu aliyezoea kukagua kitambaa pande zote mbili.

Kenneth akasoma ripoti. Mgonjwa alifika, akapimwa, majibu ya Arua yakasema si moyo. Baadaye imebainika kwamba msaidizi wa usafi alibandika vikombe vya kifua mahali pasipofaa, kinyume na maelekezo ya muuguzi. Inapendekezwa aondolewe kazini. "Kuna mwenye swali?" akauliza, huku ameshafungua kalamu ya kutia sahihi.

Santa alikuwa akitazama sare mapajani mwake. Alilainisha mkunjo mmoja kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuikabidhi ikiwa safi. Hapo nikaona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

Nikasimama. Nikasema Santa hakuweka kikombe hata kimoja kwa Mama Kiden. Nikasema kwa nini. Nikasema vile vipande vya kifua ni vya nani, na alivichapa kwa kuogopa mdomo wa nani. Nikasema aliyesoma ni mimi, na kwamba kwa kupima kwa rula tu ningegundua ni watu wawili, na sikupima mpaka Jumatatu.

Dumo aliinuka na kiti chake kikaanguka. Acidri hakukimbia, alijikunyata tu kwenye dirisha akingoja kipigo. Rejoice alimshika kaka yake mkono bila kumtazama. "Kaa," akasema. "Kesi ya Acidri iko, hapana kimbia. Nataka kuona karatasi kwanza."

Nikaitoa. Akaitandaza mezani kama anavyotandaza kitenge.

"Hii ya juu ni mama?"

"Ni mama yako."

"Hii ya chini?"

"Ni mume wako."

Hakumtazama. Aliweka kiganja juu ya vipande vya chini, akavifunika. "Siku ile, wewe uliangalia hii ya juu?"

"Niliangalia ya chini."

"Na Jumatatu, ukipima na rula?"

"Nilihesabu mapigo. Basi."

"Kwa hiyo mama yangu, mutu hapana soma yeye mpaka leo."

Ilikuwa hivyo. Siku saba, na mimi nimeitembeza ile karatasi mkobani kama ushahidi dhidi ya Acidri, wala sijaisoma.

"Soma sasa," Rejoice akasema. "Sisi iko hapa, tunangoja."

Nikakaa. Nikaomba rula, Kenneth akanipa ya kwake ya plastiki. Nilianza kama ninavyofundisha, bila kuruka hatua. Mapigo, yako sawasawa. Nikaenda mstari mmoja baada ya mwingine. Baada ya kila pigo mstari hutakiwa kurudi usawa ule ule ulipotoka, ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mwanafunzi. Kwenye kipande cha mkono wa kushoto haukurudi. Ulibaki juu, kisanduku kidogo kimoja na nusu. Nikashuka kwenye kipande cha mguu kinachotazamana nao. Pale ulikuwa umezama, visanduku viwili.

Nilipima tena. Nikapima mara ya tatu, nikitafuta mahali nilipokosea, kwa maana nilitaka sana niwe nimekosea. Mmoja ukipanda na mwenzake ukizama, siku ya kwanza ya mafunzo nawaambia wasingoje kingine: mpe mgonjwa aspirini atafune, ita gari, mlete Arua. Si alama ndogo ya kufichika. Mwanafunzi wangu wa wiki ya pili angeiona, kama angeitazama.

Acidri alikuwa amesogea. Alisimama nyuma yangu, naye akaona. 

"Iko nini?" Rejoice akauliza.

Wino ulikuwa umeanza kupauka. Ningeweza kusema haisomeki. Katika chumba kile ni mtu mmoja tu angejua nadanganya, naye hakuwa na nafasi ya kunisuta.

"Ipo," nikasema. "Ugonjwa upo hapa. Ulikuwepo tangu Alhamisi."

"Kwa hii ya mama peke yake?"

"Kwa hii ya mama peke yake."

"Na hiyo ya kifua?"

"Haikuhitajika."

Dumo aliuliza kwa Kikakwa, lugha ya kwao, hiyo maana yake nini. Rejoice aliondoa kiganja chake kwenye karatasi. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitembea, tangu saa saba ya Alhamisi mpaka saa tatu ya Ijumaa. Alipofika mwisho akarudia, kama mimi na rula yangu.

"Saa ishirini," akasema. "Koboko mpaka Arua, gari nachukua saa moja."

"Ndiyo," nikasema.